Kabla ya Kulipa Karo ya Osteopathia: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mombasa

Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kusomea osteopathia na aulize kwanza shahada anayoahidiwa itampa mamlaka gani, kwa kuwa jina hilo moja limebeba kazi mbili. Nchini Marekani, ambako Andrew Taylor Still alifungua chuo cha kwanza mjini Kirksville mwaka 1892, mwenye shahada ya DO, yaani Udaktari wa Osteopathia, ni daktari kamili: huandika dawa, hupasua, huwa bingwa wa fani yoyote, na juu ya hayo amefundishwa kutibu kwa mikono kwa takriban saa 200. Nchini Uingereza, osteopathi hutibu kwa mikono tu, kazi ambayo mtu wa Kisauni angeifananisha na ya mkandaji aliyesomea anatomia. Ni kazi ya heshima, ila haimfikishi mtu chumba cha upasuaji.

Ukiichagua njia ya Marekani, jua kwamba haianzi mara baada ya KCSE. Utahitaji kwanza shahada yenye biolojia, kemia na fizikia, kisha mtihani wa MCAT wa kuingilia vyuo vya udaktari, ndipo utume maombi kupitia AACOMAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya osteopathia. Viandikie vyuo kabla ya kulipa ada ya maombi, kwani si vyote vinavyopokea wanafunzi wa kigeni, na vingine hudai masomo ya msingi yawe yamefanyiwa Marekani au Kanada.

Masomo huchukua miaka 4. Mitihani ya leseni ni COMLEX-USA, ambayo hatua yake ya kwanza, tangu mwaka 2022, hutoa jibu la kufaulu au kutofaulu bila alama, na hivyo alama za hatua ya pili zimepata uzito zaidi. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na ya MD, shahada ya udaktari wa kawaida ya Marekani, yako chini ya ithibati moja ya ACGME, shirika linaloidhinisha mafunzo hayo. Hata hivyo, baadhi ya programu bado hupendelea USMLE, mitihani ya leseni ya upande wa MD, kwa hiyo amua mapema iwapo utafanya mitihani ya pande zote mbili, mzigo ambao si mdogo.

Anayekusudia kurudi kutibu katika Hospitali Kuu ya Pwani, au kwingineko Kenya, atahitaji kusajiliwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini Kenya. Uliza baraza hilo kwa maandishi, kabla ya kusafiri, linahitaji nini kwa mhitimu wa chuo ulichokichagua, na uhifadhi jibu lake pamoja na mtaala unaoonyesha mafunzo yako ya upasuaji, uzazi na magonjwa ya watoto.