Somo: Kuhesabu atomi za platini zilizo usoni mwa kichocheo

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kutumika. Platini ni kichocheo kizuri lakini ni ghali, na kazi hufanywa na atomi za usoni tu. Zilizofukiwa ndani ya chembe ni mzigo. Ndiyo maana tunaitawanya juu ya kibebeo chenye vinyweleo vingi, kama alumina (oksidi ya alumini). Leo tutengeneze kichocheo chenye platini asilimia 1, kisha tuhesabu.

1. Chukua gramu moja ya alumina kavu, idondoshee maji huku ukikoroga mpaka ianze kushikana. Ujazo huo, mara nyingi karibu nusu mililita, ndio uwezo wa vinyweleo.

2. Yeyusha asidi ya kloroplatini, yaani kampaundi yenye platini, katika maji ya ujazo huohuo, uidondoshee alumina kavu, mmumunyo wote uishie ndani ya vinyweleo. Ukizidisha, chumvi hubaki nje na kukusanyika mafungumafungu inapokauka.

3. Kausha usiku kucha kwa nyuzi 110 za Selsiasi, choma hewani polepole hadi 400. Fukuza hewa yote kwa nitrojeni, ndipo upitishe haidrojeni kwa nyuzi 400, saa mbili. Usiruke hatua ya nitrojeni: hewa ikikutana na haidrojeni ndani ya tanuri la moto, huna tena tanuri.

4. Bila kupoza, nyonya gesi yote hadi ombwe ili haidrojeni iliyonata itoke. Poza, kisha ingiza haidrojeni kidogo kidogo ukipima inayonata. Tunachukulia kwamba kila atomi ya platini ya usoni hushika atomi moja ya haidrojeni.

Hesabu yenyewe: gramu moja ya kichocheo ina platini gramu 0.01. Gawa kwa 195.08, uzito wa moli moja ya platini kwa gramu, ni mikromoli 51.3. Tuseme zimenata mikromoli 15.4 za molekuli za haidrojeni, yaani mikromoli 30.8 za atomi. Mtawanyiko, yaani sehemu ya atomi zote za platini iliyo usoni, ni 30.8 kwa 51.3, asilimia 60. Kwa platini, 1.1 ukiigawa kwa 0.60 unapata kipenyo cha wastani, kama nanometa 1.8.

Ila umehesabu haidrojeni, hujaziona chembe. Maswali yenu karibu yote yanatokana na hapo.

Swali: Mwalimu, nimefuata yote ila kwa silika (oksidi ya silikoni) badala ya alumina, nikapata mtawanyiko wa asilimia 10 tu.

Jibu: Hizo huenda ni chembe kubwa kweli. Uso wa alumina ndani ya mmumunyo wa asidi una chaji chanya, hivyo huikamata ioni hasi ya kloroplatini. Silika haiishiki, hivyo ioni hiyo huhamahama wakati wa kukausha. Tumia chumvi ya platini yenye amonia, ambayo ioni yake ni chanya, katika mmumunyo wa besi.

Swali: Yangu iko juu ya oksidi ya titani, haidrojeni ilipita kwa nyuzi 500. Hadubini ya elektroni inaonyesha chembe ndogo, lakini hakinati kitu!

Jibu: Hujakosea. Mtafiti Tauster na wenzake wa kampuni ya mafuta ya Exxon waliliripoti jambo hili mwaka 1978. Kwenye joto hilo, haidrojeni huipunguzia oksidi ya titani oksijeni, nayo oksidi hutambaa na kuifunika platini. Choma upya kwa oksijeni, safari hii pitisha haidrojeni kwa nyuzi 200 tu, upime tena.

Swali: Na nikipata asilimia 130?

Jibu: Chembe ndogo mno zinaweza kushika zaidi ya atomi moja ya haidrojeni kwa kila atomi ya platini ya usoni, au haidrojeni imevuka kwenda kwenye kibebeo. Pima, nyonya gesi bila kupasha moto, pima tena, kisha toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza. Inayobaki ndiyo iliyonata kwa nguvu.