Namna ya Kutumia Ripoti za Mtandaoni Kufanya Maamuzi Katika Idara ya Chuo Kikuu

Vyuo vikuu vingi nchini Tanzania vimekwisha kuachana na madaftari ya usajili. Mwanafunzi hujisajili kupitia kivinjari, hupewa namba ya malipo inayopita katika GePG, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, na mhadhiri huingiza alama akiwa mezani kwake. Data ipo, tena tele. Hata hivyo, mkuu wa idara anayetaka kujua idadi ya vikundi vya semina atakavyofungua muhula huu bado hutuma ujumbe kwa ofisi ya mrajisi, husubiri siku kadhaa, kisha hupokea jedwali la safu arobaini lisilojibu swali lake. Mwongozo huu unawahusu wakuu wa idara, waratibu wa mitihani na maofisa udahili ambao chuo chao kina mfumo wa ripoti unaofunguliwa mtandaoni, au kinakusudia kuujenga, nao wangependa ripoti hizo ziwasaidie kuamua badala ya kupamba viambatisho vya vikao.

Kabla ya kufungua mfumo, andika uamuzi unaotakiwa kufanywa kwa sentensi moja inayotaja mwamuzi, siku ya mwisho ya kuamua na kiwango kitakachobadilisha uamuzi. Kwa mfano: “Ifikapo Ijumaa ya wiki ya pili ya muhula, mkuu wa idara ataamua idadi ya vikundi vya semina vya somo la mwaka wa kwanza, kila kikundi kikiwa na wanafunzi wasiozidi 30.” Sentensi hiyo hukwambia mapema kwamba huhitaji majina, jinsia, mkoa wanakotoka wala alama zao za kidato cha sita, unahitaji hesabu moja iliyo sahihi na ya karibuni. Asiyeweza kuandika sentensi ya namna hii bado hajawa na haja ya ripoti, na ni afadhali asimsumbue mtu wa TEHAMA.

Hatua inayofuata ndiyo yenye mitego mingi: kuamua ni nani anayehesabiwa. Neno “mwanafunzi” lina angalau maana nne ndani ya mfumo mmoja. Yuko aliyedahiliwa, yaani jina lake limetoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Yuko aliyethibitisha, kwa sababu mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuthibitisha chuo kimoja tu. Yuko aliyeripoti na kusajiliwa chuoni. Na yuko aliyejisajili katika somo lenyewe. Orodha hizi nne hupungua kwa kadiri unavyoshuka, na pengo kati ya ya kwanza na ya nne linaweza kuwa kubwa kuliko kikundi kizima cha semina, au hata vitatu.

Tuchukulie kuwa waliodahiliwa ni 240. Ukigawanya kwa 30, utafungua vikundi vinane na kutafuta wasaidizi wa kuviongoza. Katika wiki ya pili, hata hivyo, ripoti inaonyesha kuwa wa mwaka wa kwanza waliojisajili katika somo ni 148 tu. Je, vikundi vitano vinatosha? Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, somo lina wanafunzi 14 wa mwaka wa pili wanaolirudia na 23 wa programu nyingine za masomo wanaolichukua kama somo la hiari, na ripoti iliyochujwa kwa mwaka wa kwanza wa programu ya idara yako haitawaonyesha kamwe. Pili, usajili bado haujakamilika. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutangaza waliopangiwa mikopo kwa awamu, kisha hushughulikia rufaa, na wapo wanafunzi ambao hawawezi kukamilisha usajili kabla ya kuona majina yao. Hesabu ya wiki ya pili, kwa hiyo, ni hesabu ya watu walio na uwezo wa kulipa mapema pamoja na wale waliobahatika katika awamu ya kwanza.

Dawa ya tatizo hili la pili ni kulinganisha wiki na wiki. Ikiwa mwaka jana, katika wiki ya pili, waliojisajili walikuwa 140 na usajili ulipofungwa walikuwa 168, ongezeko lilikuwa la asilimia 20. Ukiongeza kiasi hicho kwenye 148 wa mwaka huu unapata takribani 178. Ukijumlisha 14 na 23 unafika 215. Hapo utafungua vikundi saba na kuacha nafasi ya cha nane katika ratiba. Makadirio ya mwaka mmoja uliopita si ushahidi mkubwa, na ukiwa na miaka mitatu utapata picha bora zaidi, lakini hata mwaka mmoja ni afadhali kuliko kubahatisha.

Sharti lake ni kwamba mfumo uwe unatunza hesabu za nyuma. Mfumo wa usajili haukumbuki jana: mwanafunzi anapojisajili, au anapoahirisha masomo, rekodi yake hubadilishwa na hali ya awali hupotea. Ukiuuliza leo jinsi hali ilivyokuwa katika wiki ya pili ya mwaka jana, utakupa jibu la mwisho wa mwaka na kulivisha tarehe ya zamani. Ombeni kitengo cha TEHAMA kitunze nakala ya hesabu kila Ijumaa usiku, kwa kila somo na kila programu ya masomo, pamoja na tarehe. Nakala hiyo ni ndogo sana kwa ukubwa, nami naiona kuwa na faida kuliko dashibodi yoyote yenye rangi sita.

Ukishafungua ripoti, tazama mambo matatu kabla ya kuitazama namba. La kwanza ni tarehe na saa ambayo data ilisasishwa mara ya mwisho. Ripoti isiyoonyesha hilo isitumike kikaoni. La pili ni vichujio: mwaka wa masomo, muhula, kampasi, na aina ya masomo kama ni ya kutwa au ya jioni. Vichujio huwa na tabia ya kubaki palepale ulipoviacha mara ya mwisho, na mtu anaweza kusoma takwimu za mwaka uliopita kwa dakika kumi bila kushtuka. La tatu ni maelezo ya maana ya kila safu, ambayo yanapaswa kuandikwa chini ya jedwali lenyewe na si katika waraka mwingine ambao hakuna anayejua ulipo.

Kisha ijaribu namba hiyo kwa kitu unachokijua. Chukua somo dogo la mwaka wa tatu ambalo mhadhiri wake anawafahamu wanafunzi wote, ulinganishe hesabu ya ripoti na orodha yake ya mahudhurio. Ikiwa ripoti inasema 44 na darasani wamo 22, sababu inaweza kuwa malipo. Mwanafunzi ambaye ada yake imelipwa sehemu na Bodi ya Mikopo na sehemu na mzazi ana rekodi mbili za malipo, na jedwali la usajili linapounganishwa na la malipo bila uangalifu huonekana kama watu wawili. Mwagize mtengenezaji wa ripoti ahesabu namba za usajili zisizojirudia, si mistari ya jedwali.

Ripoti za matokeo zinahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu asilimia huficha kigawanyo chake. Tuseme waliojisajili katika somo ni 120, waliofanya mtihani ni 108, na waliofaulu ni 81. Kiwango cha ufaulu ni asilimia 75 ukigawanya kwa waliofanya mtihani, na ni asilimia 67.5 ukigawanya kwa waliojisajili. Zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti: ya kwanza inahusu ufundishaji na mtihani, ya pili inahusu pia watu 12 ambao hawakuingia chumba cha mtihani, na huenda hao ndio ambao idara inapaswa kuwatafuta. Ulizia vilevile kama namba hizo ni za kabla au baada ya mitihani ya marudio, maana kulinganisha mwaka huu kabla ya marudio na mwaka jana baada ya marudio ni kuwaonea wahadhiri wa mwaka huu.

Usikubali wastani wa wastani. Mkondo mmoja wenye wanafunzi 200 na ufaulu wa asilimia 60, na mwingine wenye wanafunzi 20 na ufaulu wa asilimia 90, havileti asilimia 75. Waliofaulu ni 138 kati ya 220, yaani takribani asilimia 63. Chunguza pia jinsi mfumo unavyoshughulikia alama ambayo haijaingizwa. Alama tupu ikisomwa kama sifuri, somo ambalo mhadhiri amechelewa kuwasilisha matokeo litaonekana kama limeanguka lote, na mjadala mkali utafanyika bila sababu. Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama za mwanafunzi katika masomo yake, kumbuka kwamba wastani wa darasa hausemi mengi. Katika mizani ya alama 5 inayotumika nchini, daraja la pili la juu huanza 3.5 na kiwango cha chini cha kuhitimu ni 2.0; kwa anayepanga ushauri wa kitaaluma, orodha ya walio karibu na 2.0 ina kazi zaidi kuliko wastani wa 3.1 wa darasa zima.

Kuhusu michoro sina mengi ya kusema: mhimili wa mchoro wa nguzo uanzie sifuri, na kwa darasa la watu wanane andika hesabu badala ya asilimia.

Unapohitaji ripoti mpya, andika ombi linaloweza kutekelezwa bila mazungumzo ya wiki nzima. Mfano ni huu: “Naomba ripoti ya idadi ya wanafunzi waliojisajili katika kila somo la idara kwa muhula uliochaguliwa, ikitenganisha wa mwaka husika, wanaorudia somo, na wa programu nyingine. Wahesabiwe kwa namba za usajili zisizojirudia. Walioahirisha masomo wasihesabiwe. Ionyeshe hesabu ya wiki hii na ya wiki kama hii mwaka uliopita. Itatumiwa na mkuu wa idara kila Ijumaa, kuanzia wiki ya kwanza hadi usajili utakapofungwa.”

Kwa upande wa wataalamu wa TEHAMA, ripoti zisisomwe moja kwa moja kutoka kanzidata inayotumiwa na wanafunzi kujisajili. Katika siku za msongamano, swali moja zito linaweza kuudumaza mfumo mzima. Tengenezeni nakala ya kusomwa tu inayosasishwa usiku, na juu yake wekeni programu ya kutengeneza ripoti kama Metabase au Apache Superset, ambazo zina matoleo huria yasiyolipiwa na hufunguka kwa kivinjari cha kawaida. Hakikisheni kuwa kila ripoti yenye vichujio vyake ina kiungo cha kudumu, ili watu wawili wanaojadiliana kwa simu wawe wanatazama kitu kilekile.

Faragha isiachwe mwishoni mwa mradi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika Tanzania tangu tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Katika kazi za kila siku, maana yake ni kwamba mkuu wa idara aone wanafunzi wa idara yake pekee, ripoti za vikao ziwe za hesabu bila majina, na kundi lenye watu wachache sana, mathalani chini ya watano, lisionyeshwe peke yake, kwa kuwa katika darasa dogo “mwanafunzi mmoja mwenye ulemavu aliyefeli” anajulikana hata bila jina. Orodha yenye majina na alama isipakuliwe na kurushwa katika kundi la WhatsApp la idara. Na mkuu wa idara anapomaliza muda wake, au kaimu anaporejesha ofisi, ruhusa yake ya kuingia iondolewe siku hiyohiyo. Jambo hili husahaulika kuliko yote.

Unapopeleka namba kwenye kikao, andika katika muhtasari namba yenyewe, tarehe ya ripoti, maana ya aliyehesabiwa na uamuzi uliofikiwa. Katika mfano wetu, idara imefungua vikundi saba na kuweka cha nane katika ratiba. Wiki ya nne fungua kiungo kilekile. Waliojisajili wakizidi 210, kikundi cha nane kianze wiki inayofuata kwa kuhamisha watu wachache kutoka kila kikundi. Wakiwa pungufu, viache saba vilivyo kama vilivyo hadi mwisho wa muhula, urudishe chumba kwa mratibu wa ratiba, na uandike tofauti kati ya makadirio na hali halisi mahali ambapo atakayekaa kwenye kiti hicho mwakani ataiona.