Namna ya Kujenga Ari na Kujiamini katika Masomo ya Saikolojia

Mwanafunzi wa saikolojia hudaiwa mambo matatu kwa pamoja: kuelewa nadharia, kufanya utafiti, na kuketi mbele ya mtu mwenye shida akamsaidia. Wengi huyachukulia matatu hayo kuwa kipimo kimoja cha uwezo wao, na hapo ndipo ari huanza kufifia, kwa kuwa aliyeshindwa na somo la takwimu hujiona hafai hata kuwa mnasihi, ingawa wenzake wa bwenini humwendea kila mara kwa sababu ya usikivu wake. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hufungamana na kazi mahususi, si na nafsi yake yote.

Anza basi kwa kutenganisha. Andika kazi ndogondogo zilizomo katika kila eneo, kwa mfano kueleza nadharia fulani bila kutazama kitabu, kusoma jedwali la matokeo, au kufungua mazungumzo na mteja, kisha ujipe alama kati ya 0 na 100 kwa kila kazi, kadiri unavyoamini kwamba ungeweza kuifanya leo. Alama ndogo zitakuonyesha mahali pa kuanzia. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanikiwa katika kazi yenyewe, kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na namna unavyozifasiri hali za mwili wako, kama vile moyo kwenda mbio. Cha kwanza kina nguvu kuliko vingine vyote, na ndiyo sababu sifa za mhadhiri pekee hazidumu.

Katika nadharia, tatizo kubwa ni kusoma kwa kurudiarudia mpaka maneno yakazoeleka, ukadhani umeelewa. Utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliosoma tena maandishi yaleyale walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu kwa kukumbuka ndio waliowashinda. Kwa hiyo funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha fungua na usahihishe. Uiulize kila nadharia inatabiri nini, na ni matokeo gani yangeikanusha. Nadharia unayoweza kuipinga kwa hoja ndiyo uliyoielewa.

Utafiti unahitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa hofu ya takwimu huwafanya wengi waahirishe kazi hadi muhula wa mwisho, wakati hakuna tena nafasi ya kujifunza polepole. Usianze na tasnifu. Waombe wenzako 10 wakutajie saa walizolala usiku uliopita, bila majina. Kokotoa wastani kwa mkono, kisha pima kila jibu limeachana na wastani huo kwa kiasi gani, na utaona mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kuuzunguka wastani, unatoka wapi kabla programu yoyote haijakutolea namba. Baada ya hapo ingiza takwimu hizohizo katika JASP au jamovi, programu za takwimu ambazo hupatikana bila malipo, ulinganishe majibu. Namba zikikubaliana, umepata aina ya mafanikio ambayo Bandura aliyaweka mbele, na umeyapata kwa kazi uliyoifanya mwenyewe.

Chagua pia swali linalokugusa. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamefafanua kwamba ari ya ndani hustawi pale mtu anapokuwa na uhuru wa kuchagua, anapojiona anamudu, na anapohusiana vema na wenzake; mada iliyonakiliwa kutoka tasnifu ya zamani huondoa uhuru huo tangu mwanzo. Mwaka 2010 watafiti Henrich, Heine na Norenzayan walionyesha kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya saikolojia imetokana na watu wa jamii za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Anayechunguza mambo ya Mwanza au Mombasa kwa uangalifu anajaza pengo la kweli, na naamini kila mhadhiri angepaswa kulisema hilo siku ya kwanza ya somo la mbinu za utafiti.

Kwa upande wa vitendo, jizoezeni watatu watatu: mmoja azungumze, mmoja asikilize, wa tatu aandike anachokiona, kisha mbadilishane. Zungumzeni kwa Kiswahili iwapo ndiyo lugha ya watu mtakaowahudumia, kwa sababu aliyejifunza unasihi kwa Kiingereza hujikuta akitafuta maneno wakati mteja anangoja. Jizoeze kwa sauti maswali magumu, likiwamo hili: “Je, umewahi kufikiria kujiua?” Tafiti hazithibitishi hofu ya kwamba kuuliza humtia mtu wazo hilo, kwa wengi huwa nafuu. Sauti ikitetemeka, ichukulie kuwa ishara kwamba jambo hili lina uzito kwako, kisha uliza tena.

Unapoanza mafunzo kazini, usimwulize msimamizi kama umefanya vizuri, kwani jibu litakuwa la jumla. Mwombe aangalie jambo moja tu, kwa mfano namna unavyoacha kimya kipite kabla ya kuuliza swali linalofuata, na kikao kijacho mwombe jingine. Mweleze mapema pia ni hali zipi utamwita papo hapo, hasa mteja anapotaja kujidhuru, ili usibaki peke yako na uamuzi unaozidi kiwango cha mafunzo yako.