Somo: Kupima urithi uliofukiwa kabla katapila haijashuka mtoni

Wandugu, mwezi huu nimeulizwa mara tatu swali lile lile. Parseli (kiwanja) iko kando ya mto Lubumbashi, mwenye mali anataka kubomoa depo kuukuu asimamishe ghorofa: je, kuna haja ya kutazama mambo ya kale?

Haja ipo. Mji huu wetu wa Lubumbashi ulianzishwa 1910, lakini shaba haikungoja reli. Kwenye chemchemi za Naviundu, hapa hapa kwetu, kulipatikana mabaki ya kuyeyusha shaba ya karne ya 4. Myeyushaji wa zamani alihitaji mawe ya kijani yenye shaba, makala mengi, udongo wa kichuguu wa kujengea tanuru, na maji yasiyo mbali. Sasa simama ukingoni mwa mto uhesabu ni kipi kati ya hivyo kilikosekana.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya jembe

Tafuta ramani za zamani na picha zilizopigwa na ndege, pitia hati za kadasta (ofisi ya vipimo vya ardhi), nenda na kwenye Musée (makumbusho) ya mji uulize kilichowahi kuokotwa upande huo. Unataka kujibu maswali mawili tu. Mto ulipita wapi zamani? Na kiwanja kimejazwa kifusi kiasi gani? Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapo mtoni 1911, na miaka zaidi ya mia ya kiwanda huacha kifusi kingi. Kama uso wa leo umekaa juu ya mita 2 za kifusi, shimo lako la sentimita 60 litakuambia habari za babu yako, si za babu wa babu yake.

Wala usidharau hao wa karibu. Msingi wa kambi ya wafanyakazi wa miaka ya 1920, na masufuria na chupa zake, nao ni urithi.

Hatua ya 2: Kutembea

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopita mbio. Tembea mara mbili. Mara ya kwanza kabla majani hayajachomwa, uangalie mimea. Kuna mmea mdogo wenye maua ya zambarau, wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, jamaa ya mrehani. Unapenda udongo wenye shaba uliokwisha kuvurugwa, na watafiti wa Katanga wameutumia kugundua mahali pa matanuru ya kale. Ukiuona umejikusanya kama mkeka mahali pamoja, na pande zote ni nyasi za kawaida, weka kijiti. Karibu na kiwanda usiuamini sana, maana moshi nao umemwaga shaba kila mahali.

Mara ya pili tembea baada ya moto wa kiangazi, ardhi ikiwa uchi. Watu wapange mstari, mtu na mwenzake mita 5, macho chini, simu mfukoni. Mnatafuta vigae vya vyungu, udongo ulioiva mwekundu, mavi ya shaba (takataka ngumu inayobaki shaba ikishayeyushwa), na vipande vya mabomba ya udongo ya mivuo, yale ya kupulizia moto wa tanuru. Bomba la mvuo ukilishika mara moja hutalisahau: upande mmoja ni udongo wa kawaida, upande uliokuwa ndani ya moto umeyeyuka ukawa kama kioo cha kijani-kijani. Usiokote kwanza. Weka kijiti, piga picha, soma GPS, ndipo uokote.

Hatua ya 3: Waulize wanaolima

Kando ya mto kuna mama wa bustani, wale wa lengalenga na matembele. Wao wanaijua ardhi hiyo sentimita 20 za juu kuliko injinia yeyote. Mwaka juzi nilitembea kiwanja asubuhi nzima nisipate kitu. Mama mmoja akaniuliza natafuta nini, nikamwonyesha kipande cha mavi ya shaba. Akacheka, akanipeleka mwisho wa tuta lake: alikuwa amejenga kijiukuta cha mawe hayo hayo, kufika magotini, "kwa sababu yanaharibu jembe". Nikamwuliza yametoka tuta gani hasa. Akanionyesha matuta mawili kati ya kumi na moja. Basi uchunguzi wangu ulikuwa umeshafanywa, tena bure. Nilinunua mboga.

Hatua ya 4: Ruhusa, halafu mashimo

Kuchimba mambo ya kale bila ruhusa ya Serikali hakuruhusiwi. Ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) ya Machi 15, 1971 kuhusu mali za utamaduni ndiyo msingi. Hata shimo la majaribio, omba. Mtaalamu wa Musée au wa chuo kikuu awe juu ya kazi, wewe uwe mkono wake.

Mashimo ni mita 1 kwa mita 1, kila mita 20 hivi, na uyasogeze karibu pale vijiti vilipokusanyika. Shuka sentimita 10 kwa 10, kila ngazi na mfuko wake, udongo wote upite kwenye chekecheke la matundu ya milimita 5. Kando ya mto maji yako karibu, kwa hiyo fanya Agosti au Septemba. Mimi niliwahi kuanza Februari kwa haraka ya bosi: siku ya tatu mashimo yalikuwa mabwawa ya vyura, na karatasi za mifuko, nilizoandika kwa kalamu ya wino, zimekuwa maji ya buluu. Mifuko kumi na minne ya vigae visivyo na kwao. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, karatasi mbili, moja ndani na moja nje.

Ukipita kina cha mita 1.2, egemeza kuta kwa mbao au panua shimo kwa ngazi. Udongo wa mtoni huporomoka bila kupiga hodi. Vaa glavu, nawa kabla ya kula. Vumbi la sehemu hizo lina madini yenye sumu, ya risasi na kadimiamu.

Hatua ya 5: Kusoma ukuta wa shimo

Safisha ukuta mmoja kwa mwiko wa mwashi hadi utelee, unyunyizie maji kidogo, ndipo rangi zitajitokeza. Juu kifusi, chini yake labda mstari mweusi, chini yake potopoto ya kijivu ya mto. Huo mstari mweusi ndio unaoutafuta. Msalaba wa shaba (fedha ya wazee wa zamani) uliotolewa humo bila kuandika kina chake ni chuma chakavu kizuri tu. Kipande cha makala kilichoandikwa vizuri, kikipimwa maabara, kinaweza kukupa karne. Chukua makala kwa kibano, funga kwenye karatasi ya alumini, usiguse kwa vidole.

Hatua ya 6: Ripoti

Iwe fupi. Ramani moja ya rangi tatu: hapa jenga, hapa jenga ila mtu awepo katapila ikichimba, hapa usiguse kabla ya uchimbaji kamili. Mara nyingi kusogeza msingi mita 8, au kugeuza sehemu hiyo kuwa maegesho, kunamaliza kesi.

Maswali ya wanachama

*Mjenzi wa Katuba:* Yaya, bosi wangu anaogopa. Anasema wakikuta kitu, Leta (Serikali) itachukua parseli.

Mwambie hivi, mdogo wangu: kwa sheria ya 1973 ardhi yenyewe ni ya Leta tangu zamani, yeye ana hati ya kuitumia. Kinachomtisha ni kusimamishwa kazi, na kazi husimamishwa vibaya zaidi mifupa ikitokea siku ya kumwaga zege. Kilichogunduliwa kwa bahati sharti kitangazwe kwa wakubwa wa Serikali wa mahali. Akijua mapema, anageuza mchoro. Akijua wakati nondo zimefungwa, analipa mara mbili.

*Mwanafunzi wa jiolojia:* Nitatofautishaje mavi ya zamani na ya kiwanda?

Ya kiwanda ni meusi, yanang'aa kama chupa iliyovunjika, mara nyingi mabonge makubwa, na usishangae yakiwa yameletwa na lori kujazia kiwanja. Ya zamani ni vipande vya kuenea kiganjani, vina mapovu, kijani, na mara kwa mara alama ya kijiti cha makala imeganda humo. Halafu mawe ya kijani ya zamani yalikuwa na shaba nyingi, hayakuacha mavi mengi. Kidogo hakimaanishi si kitu.

*Mama Duka wa komini ya Kenya, hapa mjini:* Kuna kijana anauza misalaba ya shaba, ile ya kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Ninunue niipeleke Musée?

Mama, usinunue. Ukinunua mmoja, kesho atachimba kumi. Mwulize kwa upole aliutoa wapi, na kama anaweza kukuonyesha shimo. Hiyo habari ndiyo uipeleke Musée.

*Fundi Mdogo:* Tukikuta mifupa ya mtu?

Simama papo hapo, funika kwa turubai, usihamishe hata jino. Polisi kwanza, maana huenda si ya kale, na wazee wa mahali waitwe. Kando ya Ziwa Kisale, pale Sanga, makaburi ya zamani yalichimbwa kuanzia 1957, na mengi ya tunayojua juu ya wahenga wa bonde la Upemba yametoka humo, chungu kwa chungu. Lakini ile ilikuwa kazi ya wataalamu kwa misimu mizima. Wewe una turubai na simu. Tumia hivyo.

*Mjenzi wa Katuba:* Bosi amekubali, ila anauliza: mnaanza lini?

Leo tuko tarehe gani? Aniletee ramani ya kadasta Jumatatu. Na asichome yale majani kabla sijapita.