Mapambo ya meza ya sikukuu ya Uhuru kwa vitu vya shambani

Chakula cha tarehe 9 Oktoba hakihitaji maua ya plastiki ya dukani. Mgomba, boga, krotoni za uani na kipande cha kitenge vinatosha, na vinapendeza zaidi. Ila Oktoba kwetu Uganda ni mwezi wa mvua, na unyevu ndio unaoharibu mapambo mengi. Anza na yale yanayohitaji kukauka, siku mbili tatu kabla.

Pete za sevieti hutengenezwa kwa maganda makavu ya shina la mgomba, yale Waganda wanayoyaita ebyayi. Chagua yaliyokaukia mgombani, ya kahawia safi. Yenye madoa meusi yameshaingia ukungu, na gundi haiuzuii. Yaloweke dakika 10 tu yalainike. Yakikaa majini muda mrefu yanachanika ukiyavuta. Yachane vipande vya upana wa sentimita 2 na urefu wa 60 hivi.

Kata bomba la karatasi ya chooni vipande vya sentimita 4, upate pete mbili kwa kila bomba. Paka gundi nyeupe ya mbao, kisha zungushia ganda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Usiruke hapo: ganda hupungua upana likikauka, na usipofunika nusu, asubuhi utaona karatasi inachungulia katikati. Bana ncha kwa kibanio cha nguo, uache usiku kucha ndani ya nyumba, mbali na moto.

Kitambaa cha katikati ya meza ni kazi nyepesi. Kwa meza ya sentimita 180, kata kitenge urefu wa 230 na upana wa 35, ili kining'inie kidogo kila upande, kisha kunja pindo. Yadi 3 zinatosha na kubaki. Kifue kwanza kwa maji baridi, kwani kitenge kipya huweza kutoa rangi kikimwagikiwa maji. Chenye nyeusi, njano na nyekundu ya bendera kinafaa siku hii. Wengine hutandika lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na kweli rangi yake ya udongo ni nzuri mno. Lakini Buganda lubugo ndilo pia la kufungia maiti, kwa hiyo waulize wazee wa nyumba kwanza.

Boga ndilo chombo cha maua. Tafuta dogo la upana wa sentimita 15 hadi 20, linalokaa wima bila kuegemezwa. Asubuhi ya sikukuu, si jana yake, toboa juu tundu la kutosha bilauri, toa mbegu (zikaange, wageni watazitafuna), kwangua nyama ya ndani uipike, kisha ligeuze lichuruzike kwa saa moja. Maji yawe ndani ya bilauri. Ukiyamimina kwenye boga lenyewe litalainika hadi livuje juu ya kitenge. Weka kisahani chini yake hata hivyo.

Usijaze haibiskasi: ua lake hunyauka siku hiyo hiyo. Krotoni inadumu, na majani yake mekundu na ya njano hayahitaji ua lolote. Kata vitawi vya sentimita 20 mapema asubuhi, ondoa majani yatakayozama majini kwa sababu yanaoza na kunuka, kisha visimamishe kwenye ndoo kwa saa moja utomvu uishe. Utomvu huo huwasha ngozi na doa lake halitoki nguoni. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula, na majani yasifike midomoni mwa watoto.

Umeme ukikatika jioni, tia mchanga mkavu sentimita 3 kwenye chupa ya jamu, simamisha mshumaa mfupi katikati. Ukiegemea upande mmoja, kioo kinapasuka kwa moto. Pete za ebyayi zikae mbali nao. Huwaka haraka sana.

Kupanga sasa. Katikati ni pa matoke, na mvuke wake hunyausha majani yaliyo karibu. Weka maboga mawili, moja kila mwisho wa meza, na pambo lolote lisipite sentimita 25 kwenda juu, la sivyo walioketi wataanza kulisogeza ili waonane, na maji yamwagike.