Nguzo ya Nne: Kupiga Picha Kwenye Korido ya Maduka, Kisumu

Kila Jumamosi, kabla sijafungua studio yangu ya picha za pasipoti, huingia kwenye korido moja ya maduka hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga na kusimama kwenye nguzo ya nne, kati ya fundi wa simu na mama anayeuza nyuzi na zipu. Huu ni mwaka wa sita nasimama hapo. Vijana wanaotaka kujifunza kupiga picha za watu ndani ya maduka yenye paa huniuliza kwanza ninunue kamera gani. Mimi huwauliza utasimama wapi. Kwenye korido huhitaji kuwakimbiza watu. Tafuta mwanga unapoangukia, kaa karibu nao, na watu watauvuka wenyewe wakienda zao.

Siku ya kwanza nenda bila kamera. Ingia saa mbili asubuhi, nunua chai, kaa uangalie sakafu. Hapa kwetu tuko karibu kabisa na ikweta: jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na hupanda upesi. Mdomo wa korido yangu unatazama mashariki, na ng'ambo hakuna jengo refu la kuziba. Saa mbili na nusu miale inaingia ndani kama hatua kumi na kugusa meza ya fundi wa simu. Saa tatu na nusu imebaki hatua tano au sita. Ikifika saa nne na nusu iko pale mlangoni tu, hatua tatu, na ukali wake unawafanya watu wakunje nyuso. Kwa hiyo saa yangu ya dhahabu ni hiyo moja, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu. Baada yake nafanya kazi na mwanga unaorudi kutoka kwenye sakafu ya saruji, ambao ni laini na humpanda mtu kutoka chini hadi kidevuni. Wewe pima korido yako kwa hatua zako, uandike kwenye daftari.

Sasa kamera. Natumia lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), tundu la lenzi f/8, shata 1/250 ya sekunde, na ISO 3200, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Fokasi naiweka kwa mkono kwenye mita 3, na siigusi tena. Kwa mpangilio huo, kitu chochote kuanzia karibu mita 2 hadi kama mita 7 kitatoka kikali, na korido nzima haina upana wa kuzidi hapo. Mtu akitokea na beseni kichwani, siinui kamera nikaanza kutafuta fokasi, nabonyeza tu. Kama una simu, bonyeza uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha piga kwa kitufe cha sauti. Picha nzuri nyingi tu zimepigwa hivyo.

Kuna mambo mawili ambayo huharibu picha za korido kila siku, na hakuna aliyenifundisha mapema.

La kwanza ni ngozi zetu. Mdomo wa korido ni mweupe kwa jua, na mtu anayeingia ana uso mweusi uliotangulia kivulini. Ukiiachia kamera ijiamulie, itapima ule weupe wa nje na kumgeuza mtu kuwa kivuli kisicho na macho. Ukiielekeza ipime uso peke yake, itakosea upande wa pili: kamera hukidhania kila inachokiona ni kijivu cha wastani, kwa hiyo ikikutana na ngozi nyeusi huipausha. Mama mweusi tii anatoka rangi ya majivu. Pima usoni, halafu punguza mwanga kwa stop moja, yaani -1 kwenye kamera. Weupe wa nje utaungua, acha uungue. Mtu kwanza. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona albamu nzima za harusi ambazo bibi arusi hafanani na yeye mwenyewe.

La pili ni zile taa za katikati ya korido, ambako jua halifiki. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini kamera iliyowekwa kwenye shata ya kielektroniki isiyo na mlio, na simu pia, huona: picha inatoka na mistari ya giza kama mkeka. Shusha shata hadi 1/100 na mistari itaisha. Watu wanaotembea watatoka na ukungu kidogo miguuni, kwa hiyo huko ndani mpige aliyetulia. Fundi wangu wa simu ndiye mfano. Amebandika kipande cha selotepu mezani, gundi juu, na kila skrubu anayoitoa anaibandika pale kwa mpangilio ilivyotoka, ndogo kuliko punje ya wimbi. Nilichukua wiki tatu kuipata picha hiyo ya vidole na selotepu, kwa sababu ilibidi kwanza azoee kuniona.

Na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mwanzoni nilijificha. Nilipiga kutoka kiunoni, nikitazama pembeni. Siku moja muuza viatu alinifuata mpaka nje, akaniuliza mbele ya watu nimetumwa na nani. Walikuwa wameamini mwenye jengo amenituma kuhesabu vibanda ili awapandishie kodi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu hapo kamera inaning'inia kifuani wazi, na kabla ya picha ya kwanza napita kibanda kwa kibanda nikisalimia asubuhi kwa Kijaluo: “Oyawore, mama,” “Oyawore, omera.” Anayeuliza namwonyesha picha palepale. Akisema futa, nafuta akiwa anaona. Sibishani. Mtu anayehesabu pesa simpigi, wala anayelia, wala aliyesinzia kwenye meza yake.

Watoto nawapiga tu mzazi akiwa amekubali kwa mdomo wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukitaka kuuza picha au kuitumia kwa tangazo, hata ya mtu mzima, pata idhini ya maandishi.

Jumapili usijisumbue, wateja wamekwenda soko la Kibuye. Lakini wakati wa masika, wingu likijikusanya alasiri, funga studio ukimbie korido. Mvua ikianza, mji mzima unaingia chini ya paa moja: mtu wa bodaboda na kofia yake, wanafunzi, mzee aliyefunika kichwa kwa gazeti. Hawana pa kwenda, hawana haraka, na sakafu iliyolowa inawarudisha wote chini kama kioo. Chutama, shusha kamera hadi kiwango cha goti, uache nusu ya picha iwe sakafu. Mwaka jana mvua kama hiyo ilimkuta mama wa nyuzi akivuta rundo la zipu ndani kwa mikono miwili, na mtu asiyemjua akashika upande wa pili. Nyuma yao mlango wote ulikuwa maji meupe.

Hiyo niliiosha saizi ya 4x6, nakala mbili, nikaandika tarehe nyuma. Peleka picha asubuhi kabla wateja hawajaja, mpe mtu mkononi, usimwachie jirani. Ya kwake ameibandika juu ya droo ya pesa. Ya pili bado iko kwenye bahasha ndani ya begi langu la kamera, kwa sababu yule aliyeshika upande wa pili wa rundo sijamwona tena, na kila Jumamosi namtafuta kwenye nyuso zinazopita.