Kudai Kubadilishiwa Gari Jipya Lenye Kasoro

Ukinunua gari jipya jijini Nairobi kisha giaboksi ianze kugonga kabla ya sevisi ya kwanza, usilipeleke kwa fundi wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani, kwa kuwa masharti ya waranti huenda yakakugeuka. Lirudishe kwa muuzaji, na kila mara udai karatasi ya kazi yenye tarehe, kilomita na maelezo kamili ya kasoro. Neno "limekaguliwa" peke yake halitoshi, na karani akiandika hivyo, mwombe kwa adabu aandike upya.

Kasoro ileile ikirudi, mwandikie muuzaji barua, nakala kwa mtengenezaji, ukitaja Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na useme waziwazi kama unataka gari jingine au pesa zako. Usichelewe, maana kuendelea kulitumia bila kulalamika kunaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kiasi ambacho bei ya gari jipya kwa kawaida hukipita mbali. Hapo tafuta wakili.